Mastaa wa Ukuta wa Samaki, Leo Mtanisamehe

Leo sina picha za harusi, sina stori ya nani kamwacha nani. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya samaki. Ndiyo, samaki. Cheka kwanza umalize, halafu urudi tuendelee.

Si mmeuona mtindo ulioingia mjini? Zamani staa akihamia mjengo mpya alituonyesha kabati la viatu. Ikaja zamu ya baa ndogo ya sebuleni. Sasa hivi ni ukuta wa samaki. Shelfu moja refu, matenki sita, nane, wengine kumi, yamepangwa juu kwa chini kama mikate dukani, taa za bluu zinawaka, samaki wa rangi wanapita, na mwenye nyumba kasimama mbele na glasi ya juisi anasema "karibuni kwenye bahari yangu". Bahari gani tena jamani, samaki wale ni wa maji baridi! Wengi wao ukiwatia baharini hawafiki jioni.

Sitaji jina la mtu. Mnawajua, wao wenyewe wanajijua, na wana mawakili, mimi nina simu yenye kioo kilichopasuka tu. Kwa hiyo tutaenda hivyohivyo bila majina.

Ila kabla sijamgusa mtu, nianze na mimi. Mwaka jana mmoja wao nilimposti hapahapa. Niliweka picha nne za ukuta wake, nikaandika maneno ya kusifia mpaka leo nikiyasoma naona aibu. Mlikomenti hadi simu ikapata moto. Wiki mbili baadaye mtu huyohuyo akaanza kuuza "darasa la ukuta wa samaki". Elfu thelathini na tano kuingia kwenye grupu la WhatsApp. Laki tisa na nusu ukitaka seti kamili ya matenki sita, unafungiwa ndani ya siku moja, samaki juu yake. Na maneno yale ya kila siku, kwamba samaki wanazaliana ukiwa umelala, na yeye mwenyewe atanunua vifaranga vyako vyote.

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anakaa Tabata. Alikuwa anadunduliza kianzio cha bodaboda. Akanipigia: "Dada, huyu si ndiyo yule uliyemposti?" Nikamwambia ndiyo ndiye. "Kwa hiyo ni mtu wa uhakika?" Nikasema, "Mbona ana wafuasi wengi tu." Hayo ndiyo maneno yangu. Sikusema uongo, lakini sikusema kitu. Na dogo akalipa.

Sasa sikilizeni kilichotokea, maana huko kwenye kurasa zao hamtakiona.

Chumba cha dogo kiko ghorofani, cha kupanga. Mafundi wawili walikuja asubuhi na shelfu la ule ubao wa unga wa mbao, ule wanaotengenezea makabati ya bei rahisi, umebandikwa karatasi nyeusi inayong'aa. Wakafunga matenki sita, wakajaza maji ya bomba, wakatia mchanga, taa, vipampu. Kufika saa nane mchana samaki sitini wameshamwagwa ndani. Wakapiga video, wakaondoka. Dogo alinitumia hiyo video na moyo mwekundu.

Siku ya tatu samaki wakawa wanahemea juu ya maji, midomo nje. Akauliza kwenye grupu, akajibiwa badilisha maji yote. Akamwaga yote, akajaza ya bomba palepale. Asubuhi kaamka na maiti ishirini na kitu. Akauliza tena. Akajibiwa, nanukuu kama nilivyoisoma kwenye simu yake, "hao walikuwa dhaifu, nunua wengine, nina mzigo mpya". Akanunua wengine. Wakafa pia.

Wiki ya tatu, usiku wa manane, ubao wa kati ukapinda. Ulikuwa umeshakunywa maji ya kudondoka ukavimba kama andazi. Tenki moja likapasuka kona. Maji yote yakashuka kwenye ekstensheni iliyokuwa imelazwa sakafuni, na dogo akaruka kitandani gizani, miguu mitupu, kwenda kuokoa samaki. Umeme ulimrusha. Mkono ulikaa na ganzi siku mbili. Maji yakapita yakaenda kuharibu dari la jipsamu la baba mwenye nyumba aliyelala chini, na yeye ndiye aliyepanda na tochi akazima swichi kubwa. Mungu mkubwa. Yaani leo ningekuwa naandika kitu kingine kabisa.

Alipomtumia staa picha, alifungiwa. Grupu alitolewa kabla hajamaliza kuandika.

Mtasema bahati mbaya. Hapana. Hiyo ni hesabu, na ni hesabu ya darasa la nne. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tenki la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 linabeba lita 54. Weka kioo cha milimita sita, kilo kumi na moja hivi, weka mchanga na mawe, tenki moja linakimbilia kilo 70. Matenki sita ni zaidi ya kilo 400. Hiyo ni mifuko minane ya saruji, imesimama kwenye ubao wa kabati la nguo, juu ya kichwa cha mtu aliyelala! Fundi wa kuchomelea yeyote mtaani ukimwambia huo uzito anakutajia skwea paipu bila hata kufikiri. Lakini skwea paipu inaonekana ya kizamani kwenye picha, si ndiyo? Karatasi nyeusi inang'aa zaidi.

Nilikasirika nikaamua kutafuta mtu anayejua. Nikaelekezwa kwa kaka mmoja Kinondoni. Wafuasi wake hawafiki mia mbili, na nusu nadhani ni ndugu zake. Ana matenki tisa uani kwenye kibanda cha mabati. Nilikaa kwake toka saa nne mpaka magharibi, na nawaambia sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, ingawa hakuna hata taa moja ya bluu.

Shelfu lake ni la chuma, limepakwa rangi ya kuzuia kutu, miguu imekaa sawasawa sakafuni, kalipima na timazi kabla ya kutia hata kikombe cha maji. Chini ya kila tenki kaweka lile povu jeupe linalokuja na TV mpya kwenye boksi. Nikamuuliza la nini, akasema kioo hakipendi kijiwe. Chembe moja ya mchanga chini ya tenki lililojaa inatosha kuanzisha ufa. Matenki kayaunga mwenyewe kwa silikoni tupu, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana ile ya bafuni ina sumu kwa samaki. Kila tenki lilikaa na maji nje ya shelfu wiki nzima kwanza, kuona kama linavuja. Wiki nzima! Wale wenzetu walitumia masaa.

Matenki tisa yote yanahemea pampu moja ya hewa. Mirija inagawanyika, kila mmoja unaingia kwenye filta ya sponji. Basi. Hakuna mitambo. Pampu yenyewe kaitundika juu kabisa, juu ya usawa wa maji, kwa sababu umeme ukikatika maji huweza kurudi nyuma kwenye mrija yakamwagikia kwenye pampu na kwenye umeme. Na kila waya unashuka chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, kama mkufu shingoni, ili tone likiteleza kwenye waya lidondoke chini, lisifuate mpaka kwenye soketi. Soketi ziko ukutani, kando, hazipo chini ya tenki. Nilipoona hivyo nikamkumbuka dogo na ile ekstensheni sakafuni, nikanyamaza kama dakika nzima.

Halafu akaniambia kitu ambacho hakuna staa hata mmoja amewahi kukisema kwenye video yake. Maji yanatakiwa "yaive".

Iko hivi. Samaki anatoa amonia, kwa kinyesi na kwa matamvua yake. Amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, na bakteria wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni afadhali sana, unaiondoa kwa kubadilisha maji kidogokidogo. Sasa hao bakteria hawaji na tenki kutoka dukani. Wanaota taratibu kwenye sponji, kwenye mchanga, kwenye mawe, na inachukua wiki nne mpaka sita hivi. Wiki nne mpaka sita tenki linanguruma, filta inafanya kazi, unatupia chembe za chakula ili zioze ziwalishe bakteria, na samaki hakuna! Ukiwa na tenki la zamani lililoiva, unachukua sponji yake unaihamishia kwenye jipya, safari inafupika.

Kwa hiyo samaki sitini wa dogo waliwekwa siku ya kwanza kwenye maji ambayo hayana mtu wa kusafisha. Walikunywa sumu yao wenyewe. Na joto letu la Dar linaikoleza hiyo amonia, na maji ya moto yanabeba hewa kidogo. Alipoambiwa mwaga maji yote ujaze ya bomba, akawaongezea klorini juu ya matamvua yaliyoshaungua. Maji ya bomba unayaacha kwenye ndoo wazi siku nzima, au unatumia dawa ya kuondoa klorini, na unabadilisha robo tu. Hiyo "badilisha yote" ilikuwa hukumu ya kifo, na imetolewa na mtu anayejiita mwalimu, na kapokea elfu thelathini na tano ya watu.

Sponji nayo huoshi bombani. Unaikamua kwenye ndoo ya maji ya tenki lenyewe. Ukiiosha bombani umewaua walinzi wako wote halafu unashangaa wezi wametoka wapi.

Nikamuuliza yule kaka, sasa wale mastaa wanafanyaje, mbona samaki wao kila video wanang'aa? Akacheka. Kumbe jibu nilikuwa nalo muda mrefu kwenye inboksi yangu, kijana mmoja aliyewahi kumhudumia mmoja wao aliniandikia: kila kabla ya kurekodi anapeleka samaki wapya, waliokufa anatoka nao kwenye mfuko mweusi kupitia mlango wa jikoni. Ukuta wa samaki wa staa ni kama maua ya harusini, yanabadilishwa. Mwenye hela ya kubadilisha habanwi. Anayebanwa ni anayeiga na kianzio cha bodaboda.

Najua wapo watakaosema "ni samaki tu, mbona tunawala?" Mimi pia nawala, tena sato wa kukaanga usiniulize. Lakini sato hajauziwa mtu kama mradi wa maisha. Na wapo wa "una wivu". Sawa, nina wivu. Wivu wangu unahusiana vipi na kilo 400 kwenye ubao wa kabati?

Tuje kwenye biashara maana hapo ndipo vijana wanapoingizwa mjini. Ni kweli gapi jike anazaa kila mwezi hivi, tena makumi. Ila mama huyohuyo anakula watoto wake usipowatenga. Ndiyo maana watu wanaojua wanajenga shelfu la matenki mengi toka mwanzo! Si kwa ajili ya picha. Tenki moja la wazazi, moja la vifaranga, moja la wanaokua, moja la madume wakorofi, na moja, hili msilisahau, la karantini, samaki mgeni anakaa humo wiki kadhaa peke yake na wavu wake mwenyewe. Maana akija na madoa meupe kama chumvi mwilini, ule ugonjwa unahama kwa wavu tu uliolowa. Wale wa seti ya laki tisa na nusu walipewa wavu mmoja wa matenki yote sita. Mmoja!

Na mwili utakaotumika je? Matenki sita ya lita 54, ukibadilisha robo kila wiki ni kama lita 80. Ndoo nne za lita 20 kupandisha ghorofani, nne za maji machafu kushusha. Kila wiki, mvua inyeshe, uwe unaumwa, iwe Idi au Krismasi. "Ukiwa umelala", eti. Na umeme ukikatika masaa sita huna kipampu cha betri, unakaa unapepea maji kwa kikombe. Yule kaka wa Kinondoni ananiambia ameshafanya hivyo usiku kucha, yeye na mke wake kwa zamu.

Kuhusu staa kununua vifaranga vya watu, sijamkuta hata mmoja aliyewahi kuuziwa, na nimewauliza wanagrupu kumi na moja.

Kinachoniuma zaidi lakini ni hiki. Mastaa wetu wanajisifu "samaki wangu nimeagiza mbele". Jamani, huko mbele wanaagiza kwetu! Ziwa Tanganyika lina samaki ambao hawapo popote pengine duniani, na wafugaji wa Ulaya na Marekani wanawaita kwa majina ya vijiji vyetu. Kuna samaki anaitwa Ikola, kuna Kasanga, kuna Kipili. Mjerumani anakaa kwenye baridi yake analitamka jina Ikola kwa heshima, sisi tunaona Ikola ni kijiji cha mbali tu. Kuna wengine wadogo hawafiki hata kidole, wanaishi na kulea watoto ndani ya gamba tupu la konokono. Ukienda kuwafuga lazima ujifunze, maji yao ni magumu, pH inazunguka kwenye 9, na wale Ikola wanakula mwani wa mawe, ukiwalisha vyakula vizito wanavimba tumbo wanakufa. Mmoja wa mastaa wetu nilimwona kwenye video anawarushia samaki wa aina hiyo vipande vya soseji. Watu wakamwekea makopa.

Na Ziwa Victoria je? Furu walikuwa mamia ya aina. Miaka ya 1950 akaingizwa sangara, na yeye pamoja na uchafuzi wa ziwa wakawamaliza furu wengi kabisa. Sasa sikia: wapo furu waliopotea ziwani ambao bado wanazaliana leo kwenye matenki, huko Ulaya na Marekani, kwenye mashelfu ya watu na taasisi ambao hata Mwanza hawajawahi kufika. Shelfu la matenki limewaokoa. Shelfu hilohilo unalonitolea macho wewe ukiwa na glasi ya juisi. Kwa hiyo msinisome vibaya, sipingi shelfu la samaki, napinga kulifanya pazia.

Na yule aliyewaambia wanafunzi wake "ukiwachoka wamwage mtoni", afute ile video. Leo, si kesho. Hiyo habari ya sangara haikumfundisha kitu?

Nimeshafuta posti yangu ya mwaka jana. Nilitaka kuiacha na maelezo juu yake, dogo akaniambia, "Dada ifute tu, watu wanasoma picha." Ana akili kuniliko. Mafundi wa jipsamu nimewalipa mimi, baba mwenye nyumba tumemwendea na shikamoo na sukari kilo mbili, akatusamehe lakini kasema tenki moja tu, na liwe chini.

Limekaa chini. Dogo kalichomelewa stendi ya chuma fupi, povu la TV kalipata bure kwa jirani, sponji iliyoiva amepewa na kaka wa Kinondoni, na kipimo cha maji tumechangia. Jana ilikuwa wiki ya tatu. Amonia imeshuka, nitriti bado ipo juu kidogo. Ndani hakuna samaki hata mmoja, ni maji na jiwe, na kila jioni dogo anakaa mbele yake anaangalia kama anaangalia mpira.

Wale wa darasa la elfu thelathini na tano, mliolipa na hamjarudishiwa, nyoosheni mikono kwenye komenti. Msimtaje mtu jina, andikeni mtaa na mwezi mliolipa tu, nitaziunganisha. Na timu ya staa mnaokuja kutoa povu, karibuni, ila mkija mje na jibu la zile kilo 400.